Mgeni Njoo, Mwenyeji Afe: Nzi wa Viwavi na Pengo katika Msamiati wa Kiswahili

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, nzi hana mtetezi. Muuza halwa humpungia kitambaa, mchuuzi wa samaki humfukuza kwa upepeo, na jikoni chakula hufunikwa kwa kawa ili asipate pa kutua. Methali nazo hazikumwonea huruma: nzi kufia kidondani si haramu, yaani hata kifo chake hakihesabiwi kuwa msiba. Mwanafunzi akiulizwa darasani nzi ni nini, aghalabu atataja uchafu, choo na kipindupindu kabla hajataja mabawa.

Hukumu hiyo inamstahiki nzi wa nyumbani. Tatizo ni kwamba imewaangukia pia ndugu zake wengi ambao hawana hatia wala hawana haja na halwa ya mtu. Wadudu wa mabawa mawili, ambao kundi lao lina mbu, usubi, pange na ndorobo pamoja na nzi wenyewe, wamekwisha kuainishwa na wanasayansi kufikia spishi zaidi ya 150,000. Miongoni mwao imo familia moja kubwa iitwayo Tachinidae, yenye spishi zipatazo 8,500 zinazojulikana, na karibu zote hukulia ndani ya miili ya wadudu wengine. Wengi wao hukulia ndani ya viwavi. Nzi hawa wapo pwani ya Kenya kama walivyo karibu kila pembe ya dunia palipo na mimea na viwavi, na wamekuwapo kabla ya jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu kuwekwa mwaka 1593. Hata hivyo Kiswahili sanifu hakina jina lao, wala hakina istilahi iliyokubaliwa ya aina ya maisha wanayoishi. Makala haya yanashikilia kwamba ukosefu huo ni dosari yenye gharama, na kwamba si kazi ya wanasayansi peke yao kuiondoa.

Yafaa kwanza maisha yenyewe yaelezwe, kwa kuwa jina haliwezi kutafutwa kwa kitu kisichofahamika.

Nzi wa familia hii akiwa mkubwa hunywa maji matamu ya maua, pamoja na umajimaji wenye sukari utolewao na vidukari. Kwa umbo hufanana na nzi wa nyumbani, ila mara nyingi kiwiliwili chake huwa kimeota nywele ngumu zilizosimama, hasa upande wa nyuma wa tumbo, hata Wajerumani wakampa mmoja wao jina la mnyama kalunguyeye kwa sababu ya miiba hiyo. Jina la kisayansi la familia limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wepesi. Uzito wa habari zake haumo katika nzi mkubwa bali umo katika namna anavyowapatia watoto wake makao.

Baadhi ya majike hulibandika yai jeupe juu ya ngozi ya kiwavi, aghalabu karibu na kichwa, mahali ambapo kiwavi hawezi kulifikia kwa taya zake. Yai huganda pale kama punje ya sukari, na buu akianguliwa hutoboa ngozi na kuzama ndani. Wengine hawamgusi kiwavi kabisa: hutaga mayai madogo mno, kwa maelfu, juu ya majani ya mmea ambao kiwavi anaula, kisha huenda zao. Kiwavi hula jani na yai ndani yake, na yai huanguliwa tumboni mwake. Wako wengine ambao mayai yao huanguliwa mara yanapotagwa, nao huwaacha mabuu wadogo njiani, na buu hao husubiri au hutambaa hadi mwenye bahati mbaya apite. Sturmiopsis parasitica, ambaye huwashambulia viwavi watoboao mabua ya mahindi na miwa barani Afrika, hufuata harufu ya kinyesi cha kiwavi hadi kwenye mlango wa tundu alilotoboa, akawaacha mabuu wake mlangoni, nao wakaingia wenyewe kumtafuta mwenye nyumba.

Ndani ya mwili mambo huwa ya ajabu zaidi. Mwili wa kiwavi ukihisi kwamba kitu kigeni kimeingia, hutuma chembe zake za kinga zikizingire na kukizima pumzi. Buu wa nzi huyu huigeuza ngao hiyo ikawa bomba. Chembe zilizotumwa kumzika hai hujikusanya zikafanya mrija mgumu ulioungana na ngozi ya kiwavi au na njia zake za hewa, na buu hupachika nyuma yake kwenye mrija huo akavuta hewa kama mzamia lulu aliyepata tundu la kupumulia. Kisha huanza kula. Hula mafuta kwanza, huepuka viungo ambavyo vikiharibika kiwavi atakufa kabla ya wakati, na siku za mwisho hukomba vilivyobaki. Hatimaye hutoka, akajichimbia udongoni, ngozi yake ikakauka na kuwa ganda la kahawia, na ndani ya ganda hilo hugeuka nzi. Kiwavi ambaye angekuwa kipepeo au nondo hubaki mfuko mtupu.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hamo nguoni; amepita nguo na ngozi.

Hapo ndipo swali la lugha linapojitokeza. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili hutumia neno kimelea kwa kiumbe aishiye kwa kumtegemea mwingine. Neno hili limeundwa vizuri: mea, melea, kimelea, kitu kinachoota juu ya kitu kingine. Asili ya picha yake ni ya mimea, na pwani mfano upo karibu kila shamba la miembe, ambako kirukia huota juu ya tawi la mwembe na kujilisha humo. Kirukia hamuui mwembe mara moja, na akimuua amejiua mwenyewe. Kupe na chawa nao wana mkataba wa namna hiyo hiyo na ng'ombe na binadamu: hunyonya, hudhoofisha, lakini faida yao imo katika uhai wa yule wanayemnyonya. Ndiyo maana kupe alipoingia katika lugha ya siasa katika Tanzania ya miaka ya Ujamaa alifaa sana kumchora mnyonyaji, ambaye hataki mnyonywaji afe.

Nzi wa viwavi hana mkataba huo. Kifo cha kiwavi kimo katika mpango wa maisha yake tangu yai. Kwa hiyo si kimelea kwa maana iliyozoeleka. Wala si mbuai, kwa kuwa mbuai kama simba au buibui huua wengi na kula mara, ilhali huyu humaliza maisha yake yote ya utoto ndani ya mwili mmoja na kuuweka hai kwa kiasi anachouhitaji. Amesimama kati ya kupe na simba, na mahali hapo katika Kiswahili pana pengo.

Isidhaniwe kwamba pengo hili ni aibu ya Kiswahili peke yake. Lugha za Ulaya nazo ziliishi nalo kwa muda mrefu. Katika karne ya 17 watu waliofuga viwavi ili waone vipepeo, Jan Goedaert wa Uholanzi akiwa mmojawapo, walishangaa kuona nzi wakitoka mahali pa kipepeo, na haikuwa rahisi kwao kufahamu kwamba nzi yule alikuwa mtoto wa mgeni na si wa mwenye mwili. Neno la kuwatenga wadudu wa namna hii na vimelea wa kawaida halikuundwa hadi mwaka 1913, na aliyeliunda ni O. M. Reuter, mtaalamu wa wadudu kutoka Finland. Miaka 15 tu baadaye, mwaka 1928, wajumbe walikutana Mombasa na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kiswahili, basi, hakikuachwa nyuma kwa karne nyingi. Kimeachwa nyuma kwa uzembe wa miaka ya karibuni, ambayo ndiyo miaka ya idara za Kiswahili, kamusi na makongamano.

Uzembe huo umeonekana wazi katika habari ya viwavijeshi vamizi. Mdudu huyu, mzaliwa wa Amerika, aliripotiwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia mashamba ya mahindi ya Kenya. Kiswahili hakikusita. Kiwavijeshi wa zamani alikuwa na jina lake tayari. Aliyekuja akaongezewa sifa ya uvamizi, na katika muda mfupi jina likawa redioni, magazetini na midomoni mwa mabwana shamba. Hakuna kongamano lililohitajika. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ethiopia, Kenya na Tanzania kuhusu maadui wa asili wa mvamizi huyo. Ilibainika kwamba wadudu wa huku huku wamekwisha kumgeuza chakula, na kwa upande wa Kenya aliyeongoza alikuwa nzi wa familia hii, Palexorista zonata, aliyepatikana katika asilimia 12.5 ya viwavi. Hiyo si asilimia ya kumwokoa mkulima peke yake. Ni msaada wa bure hata hivyo, uliokuja bila mtu kuuagiza. Adui alipata jina la Kiswahili kabla hajamaliza msimu wa kwanza. Yule anayemla amebaki na jina la Kilatini katika majarida ya Kiingereza.

Nini hasara yake? Mtu anaweza kujibu kwamba nzi hula viwavi awe na jina au asiwe nalo. Jibu hilo linamsahau mwenye shamba. Mkulima wa Kwale au Kilifi, ambaye mahindi na mboga zake huvuka kivuko cha Likoni au daraja la Nyali kuja kuuzwa Marikiti kando ya Mji wa Kale, ana njia mbili za kumtazama nzi anayezungukazunguka juu ya majani ya mahindi yake. Akiwa na jina la kumwita, na akiwa ameelezwa kwamba punje nyeupe shingoni mwa kiwavi ni hukumu ya kifo, anaweza kusubiri au kupulizia kwa uangalifu. Asipokuwa nalo, nzi ni nzi, na dawa ya bomba la mgongoni haibagui. Viuatilifu huua kiwavi na mwenye kumla kwa pamoja, na mara nyingi kiwavi ndiye arudiye upesi.

Tena mkulima huyo ana sababu za haki za kulichukia neno nzi. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, ambaye tangu hapo ameharibu maembe mengi na kuwafungia wakulima masoko ya ng'ambo. Katika ufundishaji wa kilimo, nzi ni huyo. Anayetaka kuwaambia wakulima hao hao kwamba kuna nzi wa kulindwa anaanza hotuba yake akiwa amekwisha kushindwa, kwa sababu ya neno lake la kwanza.

Jina lililotumika katika kichwa cha makala haya, nzi wa viwavi, nalo lina kasoro ambayo mwanafunzi wa sarufi ataiona mara moja. Ndivyo Wajerumani wanavyomwita, na kwao linatosha. Katika Kiswahili kihusishi cha -a kina kazi nyingi mno. Nzi wa nyumbani ni nzi akaaye nyumbani. Nzi wa matunda ni nzi aharibuye matunda. Nzi wa viwavi ni nani: aishiye na viwavi, awaharibuye viwavi, au azaaye viwavi? Mkulima aliyeona nzi akitua na siku chache baadaye akaona viwavi atachagua maana ya tatu, na atakuwa amesoma jina hilo kwa haki kabisa. Jina lililokusudiwa kumtetea nzi litakuwa limemshtaki.

Lipo pendekezo la kutohoa na kuandika parasitoidi. Utohozi si dhambi; Kiswahili kimetohoa kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na Mji wa Kale wenyewe umejengwa kwa utohozi kama ulivyojengwa kwa matumbawe na boriti. Lakini neno lililotoholewa huwa na nguvu pale kitu kinapokuja pamoja na jina lake. Meza ilikuja na jina lake. Nzi huyu hakuja, yupo. Kumwita kwa neno ambalo mkulima hawezi kulichambua ni kumfanya mgeni kiumbe ambaye ni mwenyeji. Isitoshe, utohozi katika elimu ya wadudu umekwisha kuzaa vituko. Wako waandikao lava kwa mtoto wa mdudu, ilhali lava ni uji wa moto wa volkano. Wako waandikao pupa kwa hatua inayofuata, na kila Mswahili anajua kwamba mla kwa pupa hadiriki tamu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kiwavi amekuwa pupa ana haki ya kuuliza ana haraka ya wapi. Wakati huo huo lugha ina kiwavi, buu, funza na kiluwiluwi, maneno manne yanayotenganisha vitu ambavyo Kiingereza kimevitia kapu moja. Katika jambo hili mwenye utajiri ndiye aliyekwenda kukopa kwa maskini.

Njia bora zaidi imo ndani ya lugha. Kiswahili kimekwisha kuunda kiuatilifu, kiuavijasumu na kiuagugu, kwa kuambatanisha kitenzi ua na kile kinachouawa. Sayansi nayo imekwisha kumpa mwenye mwili ulioingiliwa jina la mwenyeji. Kwa kanuni hiyo hiyo mdudu aishiye ndani ya mwenyeji na kumuua angeitwa kiuamwenyeji. Neno hili mtu hulielewa mara ya kwanza alisikiapo, nalo linaibua papo hapo methali ambayo kila nyumba ya pwani imeishi nayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wa bandari, uliowapokea wageni wa kaskazi na wa kusi kwa karne nyingi, unajua kwamba methali hiyo ina upande wa pili usiosemwa mbele ya mgeni. Kiuamwenyeji ni upande huo wa pili, umepewa miguu sita.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya kisarufi: kiuatilifu na wenzake ni vitu visivyo na uhai, na kiambishi ki- kitamfanya mdudu aonekane chupa ya dawa. Lakini kiboko, kifaru na kiwavi mwenyewe wana ki- na bado hupatanishwa na a- na wa-. Itasemwa kiuamwenyeji huyu ametoka, viuamwenyeji hawa wametoka, na sikio litazoea katika muhula mmoja. Ya pili ni ya kisayansi na ni nzito zaidi. Huko California yupo kiwavi mwenye manyoya, Platyprepia virginalis, ambaye mara nyingine hunusurika baada ya nzi wa familia hii kukua ndani yake na kutoka, na watafiti waligundua kwamba mmea anaoula unachangia kumwokoa. Je, jina litakuwa limesema uongo? Litakuwa limesema lililo la kawaida. Nzi wa nyumbani pia huonekana sokoni na hakuna aliyedai jina lake libadilishwe.

Ama jina la familia yenyewe, nzi mlaviwavi lingefaa kwa mazungumzo na wakulima, kwa kuwa linamtaja mtendaji na mtendwa bila kuacha mlango wa maana ya tatu. Si kamilifu. Wako wa familia hii wanaokulia ndani ya kunguni wa mimea, mbawakawa na panzi, na anayekula ni buu, si nzi. Wako hata wanaowinda kwa masikio: Ormia ochracea wa Amerika humsikia nyenje dume akiimba usiku kumwita jike, akaifuata sauti gizani na kumwachia mabuu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, nyenje waliokuwa wakiandamwa na nzi huyo walipoteza wimbo katika muda usiozidi vizazi 20 hivi. Madume wengi wakazaliwa na mabawa yasiyoweza kutoa sauti. Habari kama hiyo, ingepata mshairi wa kuisimulia, isingehitaji istilahi nyingi.

Na hapa ndipo lawama inaporudi kwa watu wa Kiswahili. Si kweli kwamba pwani haikuwahi kuwa na mtu wa kuifanya kazi hii. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka 2017, alitunga Umbuji wa Mnazi kuhusu mti mmoja, na Sambo ya Kiwandeo kuhusu chombo kimoja cha baharini. Katika tungo hizo sehemu za mti na za chombo, na kazi za kila sehemu, zilihifadhiwa kwa majina yake kabla ya majina hayo kufa pamoja na mafundi. Yeye ndiye pia anayetajwa kwa neno runinga. Wasomi wengi waliyacheka maneno yake mengine, na mengine yalistahili kukaa pembeni; lakini hakuna aliyeweza kukana utaratibu wake, ambao ulikuwa kuvitafuta vitu vyenyewe kwanza, kisha kuwauliza wenye lahaja, kisha ndipo kuunda. Mnazi umepata mtu wake. Wadudu waliao mnazi, na wadudu wawalao wadudu hao, hawajampata.

Tangu mwaka 1990 imekuwapo Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Kenya ina taasisi kubwa ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya, Thomas Odhiambo. Taasisi hiyo imefanya kazi yake pwani pia: mwaka 1993 nyigu mdogo Cotesia flavipes kutoka Asia aliachiliwa pwani ya Kenya ili apambane na viwavi watoboao mabua ya mahindi. Huyo ni kiuamwenyeji kutoka ukoo mwingine, na kumwita nyigu kunamtisha mtu bure, kwani hazidi chawa kwa ukubwa na hamchomi binadamu. Wataalamu wa wadudu wana viumbe bila majina. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu na kuishia kuhesabu tamathali katika riwaya ambayo imekwisha kuhesabiwa mara kumi. Ni vigumu kuelewa kwa nini pande hizi mbili hazijakutana.

Wala si lazima nzi huyu apambwe kupita kiasi ili astahili jina. Mwaka 1906 Marekani iliingiza kutoka Ulaya nzi wa familia hii, Compsilura concinnata, ili ale nondo waharibifu wa misitu. Naye hakutosheka na hao, akawashambulia viwavi wa spishi zaidi ya 150, wakiwamo nondo wakubwa wa hariri ambao hawakumkosea mtu. Mgeni wa namna hiyo anahitaji jina ili ajadiliwe kwa Kiswahili na wale ambao mashamba yao yataguswa, kabla ya kuruhusiwa na si baada. Mjadala juu ya kuingiza viumbe huendeshwa leo katika lugha ambayo wengi wa wenye mashamba hawaitumii.

Kazi ya kwanza ni ndogo. Mwanafunzi aendaye Mombasa likizoni, badala ya kuwauliza wazee wa Kuze au Kibokoni maana za maneno ambayo yamo kamusini tayari, achukue viwavi kadhaa kutoka katika shamba la mahindi la Kisauni au Likoni, hasa wenye punje nyeupe shingoni, awatie chupani pamoja na majani na udongo kidogo, aufunge mdomo kwa kitambaa chepesi, asubiri. Baada ya wiki mbili hivi baadhi watatoka nondo, na pengine mmoja atatoka nzi. Chupa hiyo ndiyo ya kupeleka barazani. Wazee wengi wa mjini wamewahi kuwa na mashamba bara, na wako Wamijikenda wanaolima hadi leo, ambao lugha zao ni jirani wa Kimvita tangu zamani. Waonyeshwe kiumbe mwenyewe wala si picha, waulizwe wao humwitaje, huonekana msimu gani, hutua kwenye nini. Akipatikana mmoja mwenye jina, mapendekezo yote yaliyotolewa hapa yatupwe na jina hilo lishikwe. Na wakijibu wote kwamba huyo ni inzi tu, jibu hilo nalo liandikwe, pamoja na tarehe na mtaa.